Uzoefu wangu na "Manila" ya Tatort: wapelelezi wa Köln katika nchi ya watu

Nimeishi Köln kwa miaka kumi na moja, na Jumapili nyingi za miaka hiyo nimezimaliza kama Wajerumani wengi wanavyozimaliza, mbele ya runinga saa 2:15 usiku, mara tu taarifa ya habari ya ARD, shirika la utangazaji la umma, inapokwisha na yale macho mawili ya utangulizi wa Tatort yanapotokea pamoja na muziki uliotungwa na Klaus Doldinger. Tatort ni mfululizo wa tamthilia za upelelezi ulioanza kuonyeshwa mwaka 1970, na miji mingi ya Ujerumani ina wapelelezi wake ndani ya mfululizo huo. Wa kwetu ni Max Ballauf na Freddy Schenk, wanaoigizwa na Klaus J. Behrendt na Dietmar Bär tangu mwaka 1997. Nimewazoea kama mtu anavyowazoea majirani wa mlango wa pili: Schenk na familia yake na magari yake makubwa ya Kimarekani, Ballauf na upweke wake, na ule mkahawa mdogo wa soseji kando ya mto Rhine wanakosimama wote wawili kazi ikiisha. Kwa hiyo nilipoipata sehemu yao ya zamani iitwayo "Manila", iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, nilikaa kuitazama bila kutarajia jambo kubwa. Tangu siku hiyo nimeitazama mara tatu.

Mwisho wa kisa sitausimulia, kwa kuwa mtazamaji wa tamthilia ya upelelezi ana haki ya kuufikia mwenyewe. Inatosha kusema kwamba uchunguzi unaanzia hapa Köln, na kwamba uzi wake unawavuta wapelelezi hawa hadi mji mkuu wa Ufilipino, ambako watoto wamefanywa bidhaa ya ngono na wanunuzi wanatoka mbali, Ujerumani ikiwamo. Filamu ina dakika 90 kama nyingine zote za mfululizo huu, lakini nilihisi nimekaa mbele yake usiku kucha.

Kilichonishika zaidi ni jinsi wapelelezi hawa wanavyopungua nguvu mara tu wanapoondoka nyumbani. Hapa Köln, Schenk akigonga mlango hufunguliwa, na Ballauf akiuliza swali hujibiwa, hata kama ni kwa uongo. Polisi wa Kijerumani akishavuka mpaka hana mamlaka ya kumkamata mtu wala ya kupekua nyumba. Kila anachohitaji lazima kiombwe kupitia waendesha mashtaka na wizara za nchi mbili, kwa barua zinazochukua majuma, wakati mtoto anayetafutwa anaweza kuhamishwa kwa usiku mmoja. Tena kuna jambo ambalo sikuliona nilipoitazama mara ya kwanza, nami nalitaja kwa kuwa ndilo lililonirudisha kwenye filamu hii. Wanaume wawili wa makamo kutoka Ulaya, wageni katika mitaa ya Manila, wakiulizia habari za watoto, wanafanana kabisa na wale wanaowatafuta. Nilijaribu kujiweka katika nafasi ya mama wa Kifilipino aliyesimama kibarazani kwake akiwaona wakipita, na nikajiuliza angejuaje yupi ni mnunuzi na yupi amekuja kumzuia mnunuzi.

Nadhani swali hilo lilinipata kwa sababu mimi nimekulia Mtwapa, katika pwani ya Kenya, na nimewahi kusimama kwenye kibaraza cha namna hiyo. Tulikuwa na neno kwa ajili ya mzungu mzee aliyeonekana na msichana wa umri wa shule: tulimwita mfadhili. Neno hilo lilifunga mazungumzo yote. Mfadhili alilipa karo, aliezeka nyumba kwa mabati mapya, na hakuna aliyeuliza zaidi. Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya uliotolewa mwaka 2006 ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika maeneo ya Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani walikuwa wamenaswa katika biashara ya ngono, na ukaonyesha kwamba asilimia 14 ya wanunuzi walikuwa Wajerumani. Lakini ukaonyesha pia kwamba kundi kubwa kuliko yote, asilimia 38, lilikuwa la Wakenya wenyewe. Takwimu hiyo ya pili ninailazimisha ikae kichwani mwangu kila ninapotaka kuitazama "Manila" kama hadithi ya dhambi za wageni peke yao.

Filamu nayo haimpi mtazamaji wa Kijerumani nafasi ya kudhani kwamba uovu huu ni wa nchi za mbali tu. Wakati ilipotengenezwa, sheria ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kubadilishwa, mwaka 1993, ili Mjerumani anayemdhulumu mtoto kingono nje ya nchi aweze kushtakiwa nyumbani kwake hata kama sheria ya huko alikokwenda haimgusi. Umuhimu wa kifungu hicho unaeleweka mtu akijua kwamba Ufilipino iliendelea hadi mwaka 2022 kuhesabu miaka 12 kuwa umri wa kuridhia tendo la ndoa, kabla ya kuupandisha hadi 16. Hata hivyo sheria huhitaji ushahidi, na ushahidi uko kwa mtoto aliyeko upande wa pili wa dunia, mwenye hofu, asiyejua Kijerumani, ambaye huenda ndugu yake mwenyewe ndiye aliyempokea dalali.

Dosari yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba macho ya hadithi ni macho ya Ballauf na Schenk tangu mwanzo hadi mwisho. Hasira ni yao na uchungu ni wao, nasi tunawajua watoto kwa kadiri tu wapelelezi wanavyowajua. Naelewa kwamba mfululizo umejengwa juu ya wapelelezi wake, lakini ningependa kumsikia Mfilipino mmoja akizungumza kwa urefu na watu wa kwake, kwa lugha yake, pasipo mgeni yeyote chumbani.

Pamoja na dosari hiyo, kuna jambo linaloitofautisha kazi hii na nyingine nyingi za aina yake. Waigizaji na watengenezaji walirudi kutoka Manila wakiwa wameona mambo ambayo hawakuweza kuyaacha huko, na mwaka huohuo wa 1998 wakaanzisha chama kiitwacho Tatort – Straßen der Welt. Miongoni mwa waanzilishi ni Behrendt, Bär na Joe Bausch, anayeigiza daktari wa uchunguzi wa maiti, na ambaye kwa muda mrefu alikuwa kweli daktari wa gereza la Werl. Chama hicho kimekuwa kikisaidia taasisi ya PREDA iliyoko Olongapo, Ufilipino, iliyoanzishwa mwaka 1974 na padri wa Kiairishi Shay Cullen, ambayo huwatoa watoto katika madanguro na mahabusu za watu wazima, huwapa matibabu ya nafsi na huwasimamia mahakamani. PREDA pia huuza maembe makavu kwa biashara ya haki ili wakulima wapate bei ya kutosha na wasifikie hatua ya kuwatoa watoto wao. Maembe hayo huuzwa katika maduka ya biashara ya haki ya Ujerumani, nami nilikuwa nimeyanunua kwa miaka bila kujua yana uhusiano gani na wale majirani zangu wa Jumapili.

Kwa anayetaka kuitazama, nashauri awe na Kijerumani cha wastani na afungue manukuu ya Kijerumani, kwa sababu Schenk humeza maneno na Ballauf huongea haraka akikasirika. Mimi nilikuwa nasimamisha picha mara kwa mara na kuandika maneno ya kisheria kwenye daftari. Haifai kwa watoto wadogo. Binti yangu ana miaka kumi na tano, na mara ya tatu niliitazama pamoja naye. Ilipokwisha aliniuliza tulikuwa tunawaitaje wanaume hao kule Mtwapa. Nikamwambia. Akalirudia neno lile polepole, mfadhili, kisha akaniuliza kama bibi yake naye alikuwa akiwaita hivyo, nami nikamjibu kwamba ndiye niliyelisikia kwake kwanza.