Grainda za mezani za zamani: ipi ununue, ipi uiache

Mota iliyoungua husukwa upya. Beringi zikiisha, mpya zinapatikana kila duka la spea. Lakini kava la chuma la kufunika jiwe, lililopotea miaka hamsini iliyopita hulipati tena, na shafti (chuma kinachozunguka na kubeba mawe) iliyopinda itakutesa mpaka uichukie mashine nzima. Hicho ndicho kipimo nilichotumia kupanga orodha hii: naangalia kwanza kisichopatikana, halafu ndipo naangalia kilichoharibika. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Wanavutiwa na mashine inayowaka na iliyopigwa rangi jana, hawaoni kwamba kava la kushoto halipo na viegemeo vyote viwili, vya kuegemezea chuma unachonoa, vimeshapotea.

Ninayoizungumzia ni ile grainda yenye mota katikati na jiwe kila upande, hasa zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1930 na 1970. Anayeuliza kwa nini asinunue mpya, na asome kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mpya ya bei nafuu. Nyingi zimeandikwa S2 30 min, yaani mota hiyo imekusudiwa ifanye kazi nusu saa, kisha ipumzike ipoe. Kava zake ni bati jembamba, na shafti yake ni nyembamba kiasi kwamba jiwe likiwa na kasoro kidogo tu mashine inatembea mezani. Zile za zamani zilitengenezwa kwa karakana inayofunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, na uzito wake ndio unaotuliza mtikisiko.

Kabla ya umeme, tumia mkono

Zungusha jiwe kwa mkono huku umetega sikio. Ukisikia mkwaruzo mkavu, usiogope. Beringi za mashine hizi kwa kawaida ni za saizi za sokoni, na 6203 na 6204 utakutana nazo mara nyingi. Kisha shika ncha ya shafti uinyanyue na kuishusha. Ikicheza, huenda beringi imekwisha, au nyumba ya beringi yenyewe imelika. Hiyo ya pili ni kazi ya fundi wa kukereza vyuma, kwa hiyo iingize kwenye hesabu kabla hujataja bei.

Baada ya hapo omba mawe yatolewe. Nati ya kulia hufunguka kama nati yoyote. Ya kushoto ina thredi za kinyume, inafunguka kwa kuizungusha kuelekea mwendo wa saa. Ukikuta nati ya kushoto imeliwa pembe zote, kuna mtu aliwahi kuilazimisha, kwa hiyo kagua thredi za upande huo kwa makini.

Sasa weka penseli juu ya kiegemeo, ncha yake isogelee shafti mpaka ibaki nafasi ya unene wa karatasi. Zungusha shafti polepole kwa mkono wa pili. Mwanga kati ya ncha na chuma unatakiwa ubaki vilevile mzunguko mzima. Ukiona nafasi inafunguka na kufunga, shafti imepinda. Rudia upande wa pili, maana mashine iliyowahi kuanguka huweza kupinda ncha moja tu. Shafti hiyo ndiyo iliyobeba rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, na wanaoweza kuinyoosha ikarudi sawasawa ni wachache. Hapo mimi huaga na kuondoka, hata bei ikishushwa.

Ndipo uje kwenye umeme. Kabla ya kuchomeka, pima kati ya waya za umeme na bodi, yaani mwili wa chuma wa mashine. Multimita itakuonyesha shoti ya wazi tu. Kipimo cha kuaminika ni mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye koili) ya volti 500, na usomaji ukiwa chini ya megaohmu 1 mota hiyo ikaushwe au isukwe upya kabla ya kuguswa na mtu. Ukiwasha ikavuma bila kuzunguka, izime mara moja. Ugonjwa huo kwa kawaida ni kapasita au swichi ya ndani inayoachia mota ikishapata kasi, na vyote viwili vinatibika kwa bei ndogo kuliko muuzaji anavyodhani. Ikizunguka vizuri, izime usikilize inavyopungua kasi. Zenye swichi ya ndani hutoa mlio mfupi wa "tak" kabla ya kusimama, na mashine yenye beringi nzima huteleza muda mrefu kimya kimya.

Namba 1: ya Uingereza, inchi 8, umeme wa njia moja (singo fezi)

Kwa msomaji aliye Tanzania, Kenya au Uganda, hii ndiyo ya kutafuta kabla ya zote. Wolf zilizotoka Hanger Lane, London, na Black & Decker zenye kibati cha Harmondsworth ndizo ninazozipenda zaidi. Black & Decker ni kampuni ya Kimarekani, ilianzia Baltimore mwaka 1910, lakini mashine za kiwanda chake cha Harmondsworth zilisukwa kwa umeme wa Uingereza: volti 230 hadi 250, hezi 50. Unaichomeka Dar es Salaam au Mombasa inafanya kazi bila kifaa cha kati. Jiwe la milimita 200 kwenye mwendo wa karibu mizunguko 2,900 kwa dakika linatosha kwa tindo, mashoka, majembe na kusafisha weldi.

Hutokea pale karakana ya zamani au shule ya ufundi inapouza vyombo vyake, na kwenye mitumba inayoshushwa kutoka Uingereza. Angalia mambo mawili. Kwanza, baadhi ya mashine za Uingereza ni za volti 110, kwa sababu za usalama wa maeneo ya ujenzi kule. Hiyo si kasoro, transfoma inaitatua, maana hezi ni zilezile 50. Pili, tundu la jiwe. Shafti hizi ni za inchi, mara nyingi 5/8, wakati mawe mengi ya dukani leo yana tundu la milimita 32 na bushi za plastiki za kupunguzia. Hakikisha bushi ya saizi yako imo ndani ya boksi.

Namba 2: ya kiwandani, umeme wa njia tatu (thrii fezi)

Ukiwa tayari una umeme wa njia tatu, ipandishe hii iwe ya kwanza. Haina kapasita wala swichi ya ndani, kwa hiyo hakuna cha kuharibika zaidi ya beringi na koili. Watu wengi huikwepa kwa sababu hawawezi kuiwasha nyumbani, na ndiyo maana bei yake huwa chini kuliko thamani yake.

Mwenye umeme wa njia moja anaweza kutumia inveta, yaani kifaa kinachougeuza kuwa wa njia tatu, lakini asome kibati kwanza. Kikisema 230/400 au 240/415, na ncha sita za koili zikiwa zimetoka kwenye kiboksi, mota inaweza kufungwa delta (koili tatu zikiungwa kama pembetatu) na kuendeshwa na inveta ya kawaida ya volti 230. Kikisema 415 peke yake na ncha zilizotoka ni tatu tu, utalazimika kumlipa fundi aifungue atafute ncha nyingine. Inveta usiitumie kuongeza mwendo kupita ulioandikwa kwenye kibati. Jiwe lina kikomo chake, na likipasuka halichagui pa kwenda.

Namba 3: Baldor na ndugu zake wa Marekani

Kwa ubora wa kazi ya mikono, Baldor ningeiweka juu ya zote. Kampuni hiyo iliundwa St. Louis mwaka 1920, na jina lake limeunganishwa kutoka kwa waasisi wake, Ballman na Doerr. Ya inchi 8 huzunguka kimya mno. Ndugu zetu walioko Marekani wanaweza kuinunua bila kusita.

Inashuka hadi nafasi ya tatu kwa anayetaka kuileta nyumbani, na sababu ni hezi. Mota ya hezi 60 iliyoandikwa mizunguko 3,450 ikiwekwa kwenye hezi 50 itazunguka karibu 2,850. Hilo si baya. Baya ni joto. Koili iliyosukwa kwa volti 230 za hezi 60 inataka kiasi cha volti 190 tu ikiwa kwenye hezi 50, na ukiipa 240 inachemka hata bila kazi. Transfoma ya kutoka 240 kwenda 115 haitibu hili, maana inabadilisha volti na kuziacha hezi zilivyo. Dawa ni kuisuka upya kwa hezi 50, kazi ambayo fundi mzuri wa mota anaijua. Walioko Ghuba nao waangalie: Oman na Falme za Kiarabu hutumia hezi 50, Saudi Arabia hutumia 60.

Namba 4: ndogo ya inchi 6

Ni ya patasi, visu na biti za drili, na kwa fundi seremala inatosha kabisa. Ukipata yenye mwendo wa karibu 1,425 ichukue upesi, kwa sababu mwendo huo hauunguzi ncha ya patasi ikawa ya bluu na kupoteza ugumu wake.

Zile za kuzungusha kwa mkono, zinazobanwa ukingoni mwa meza, ni za kukusanya na kwa sehemu zisizo na umeme. Angalia meno ya gia tu.

Isiyo na kava au flanji (sahani za chuma zinazobana jiwe) iache, haidhuru jina lake ni kubwa kiasi gani. Ukiwa nayo tayari, ifanye chanzo cha spea.

Ukishafika nayo

Piga picha za nyaya kabla ya kugusa kitu. Tia alama za senta panchi kwenye bodi na kwenye vifuniko vyote viwili, ili kila kifuniko kirudi kilipotoka. Beringi itolewe kwa pula, isipigwe nyundo. Nyaya za zamani zilizovikwa pamba au mpira uliopasuka zibadilishwe zote, na waya wa ethi ufungwe kwenye chuma kitupu. Rangi ya enzi hizo huenda ina madini ya risasi, hivyo tumia dawa ya kutoa rangi au msasa wa maji, vumbi kavu lisiruke. Kibati chenye jina kisafishe kwa kitambaa na mafuta ya taa, maana brashi ya waya hufuta maandishi na ndiyo historia pekee ya mashine hiyo.

Mawe iliyokuja nayo yatupe. Hujui yaliangushwa mara ngapi. Jipya lining'inize kwa kidole kupitia tundu, uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Mwendo ulioandikwa juu yake uwe mkubwa kuliko wa mashine, karatasi za pembeni zibaki mahali pake, nati ikazwe ya kutosha tu. Kiegemeo kiache nafasi isiyozidi milimita 3 kati yake na jiwe. Ukiwasha mara ya kwanza, simama pembeni dakika nzima.

Na siku ya kuichukua dukani, toa mawe kabla ya kuipakia, iwe kwenye kirikuu au bodaboda. Ibebe kwa kushika bodi ya mota, si kwa kava wala ncha za shafti, na nati na flanji zote ziweke kwenye mfuko mmoja utakaokaa nao wewe mwenyewe.