Tahadhari: ukiambiwa steringi raki imekufa, usitoe hela bado

Wenye SUV za familia, hasa zile za safu tatu za siti, someni hii kabla hamjalipa. Kuna mchezo unachezwa kwenye pawa steringi, ule mfumo unaokusaidia kuzungusha usukani kwa wepesi, na umeshampata shemeji yangu. Gereji siitaji, maana mchezo wenyewe haupo kwa fundi mmoja tu.

Unaanza hivi: taa ya usukani inawaka kwenye dashibodi, usukani unakuwa mzito ghafla, hasa ukiwa unaegesha. Unakwenda kwa fundi. Anachomeka kijimashine cha kusoma hitilafu, anatikisa kichwa, anakuambia steringi raki nzima (kile kifaa cha chini kinachogeuza magurudumu ukizungusha usukani) imekufa na ukiendelea kuendesha usukani utakatika njiani na watoto wamo ndani. Akishawataja watoto, pochi inafunguka yenyewe.

Tuanze na huo uoga. Karibu magari yote ya aina hii, usukani umeungana na magurudumu kwa chuma. Pawa ikikata, kinachoondoka ni ule msaada; magurudumu bado yanakusikia, ila sasa unayageuza kwa nguvu za mikono yako. Gari la tani mbili lenye matairi mapana linachosha, na msaada ukipotea katikati ya kona unaweza kushtuka ukatoka njia. Kwa hiyo tatizo lishughulikiwe mapema, sikatai. Ninachokataa ni kulipishwa kabla hujapimiwa.

SUV nyingi za miaka ya karibuni hazina tena ile pampu ya oili inayozungushwa na mkanda wa injini. Zina mota ya umeme. Mota hiyo, sensa inayohisi nguvu unayoutia usukani, na kompyuta yake mara nyingi huuzwa pamoja na raki kama kitu kimoja, ndiyo maana bei yake inauma na ndiyo maana matapeli wanaipenda. Sasa angalia: ukizungusha usukani gari likiwa limesimama, mota inavuta makumi ya ampea kwa mkupuo. Betri ikiwa imechoka, altaneta (jenereta ya gari) haichaji vizuri, au waya wa ethi, ule unaounganisha umeme na bodi ya gari, umelegea au umeshika kutu, volti zinashuka, kompyuta inapunguza au kukata msaada na kuwasha taa. Dereva anaona dalili zilezile za raki iliyokufa. Betri nzima injini ikiwa imezimwa husoma takriban volti 12.6, na injini ikiunguruma magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.5. Kazi hiyo ni ya mita ndogo na dakika chache. Fundi aliyehukumu raki bila kushika mita, chukua funguo zako uondoke.

Hata hicho kijimashine kina hadithi yake. Vingi vya bei rahisi vinasoma injini tu, yaani namba za hitilafu zinazoanza na P. Hitilafu za usukani kwa kawaida zinakaa kwenye C, na za kompyuta kutosikilizana zinaanza na U. U0131, kwa mfano, ni kwamba mawasiliano na kompyuta ya pawa steringi yamepotea, jambo ambalo linaweza kuwa fyuzi au plagi ya waya tu. Omba uoneshwe namba kwenye skrini, upige picha. Na usikubali zifutwe kabla hujazihifadhi, kwa sababu huo ndio ushahidi wako. Mwaka 2015 Ford iliyaita yarudi kurekebishwa magari yapatayo 423,000, yakiwemo Flex za 2011 hadi 2013, kwa sababu ya hitilafu ya muunganiko wa umeme kwenye mfumo huu. Yaliyokutwa na namba za hitilafu husika yalibadilishiwa kifaa, mengine yakawekewa programu mpya, yote bila mwenye gari kulipa. Fikiria mtu amekufutia namba hizo halafu amekuuzia raki. Kwa hiyo kabla ya lolote, peleka namba ya chasisi kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lako, uulize kama limewahi kuitwa.

Shemeji alilipa "raki mpya". Taa ikazima, siku chache ikarudi. Fundi mwingine alipolipandisha gari juu alikuta boliti za raki zina kutu ile ile ya zamani, hazijaguswa na spana. Raki ilikuwa yake mwenyewe, imesafishwa ikapuliziwa rangi ya fedha. Waya wa ethi ndio uliokuwa umelegea. Walichomfanyia ni kufuta namba za hitilafu na kutumia kopo la rangi.

Utajuaje kama raki kweli imebadilishwa? Ikitolewa, tairodi (vyuma vinavyounganisha raki na magurudumu) zinaguswa, kwa hiyo alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, lazima ifanyike, na kwa magari mengi sensa ya pembe ya usukani isawazishwe kwa mashine. Bili ya raki isiyo na alaimenti inanuka. Kwenye SUV nyingi pia inabidi fremu ndogo ya chini ya injini ishushwe kwanza, kwa hiyo anayekuambia "kaa hapo kwenye benchi, tunamaliza sasa hivi" anakudanganya. Kabla hujaacha gari, weka alama ya rangi ya kucha kwenye raki ya zamani, na udai urudishiwe hiyo ya zamani.

Wenye pawa ya oili nao wasijione wamepona. Hapo kinachouzwa ovyo ni pampu, wakati kinachovuja mara nyingi ni hozi au klipu yake. Oili yenye povu ni hewa imeingia. Dawa za kuziba uvujaji zinavimbisha sili kwa muda tu, na wauza magari wanazijua sana.

Nikiwataja hao: ukienda kununua SUV iliyotumika, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya usukani inatakiwa iwake kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini.

Hela ya shemeji haijarudi. Wanasema dhamana ipo lakini kifaa "kimeharibiwa na dereva", na risiti imeandikwa "kazi ya usukani" basi, hakuna namba ya spea, hakuna neno mpya wala iliyokarabatiwa. Raki iliyokarabatiwa vizuri si kosa kuiuza, ila iitwe hivyo kwenye karatasi, na namba ya spea iandikwe kabla ya kutoa hata malipo ya awali.