Uzoefu wangu: barabara ya Mto wa Mbu hadi Ngare Sero

Barabara hii ya kaskazini mwa Tanzania nimeipita mara tatu kwenda Ziwa Natron. Mara mbili za kwanza zilikuwa kiangazi, nikarudi nikiisifia kwa kila mtu. Ya tatu ilikuwa Machi, mvua zikianza, na hiyo ndiyo iliyonifundisha barabara yenyewe.

Ukiacha lami Mto wa Mbu unapita Selela hadi Engaruka bila tabu kubwa. Engaruka shuka. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kuna kuta za mawe na mifereji ya umwagiliaji ya wakulima wa kale, waliohama zaidi ya miaka 200 iliyopita. Ukitoka hapo, vumbi ni majivu ya volkano, laini kama unga, linaingia hata kwenye begi lililofungwa zipu. Lakini mbele yako umesimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai. Lava yake hutoka nyeusi, na ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani yenye lava ya namna hiyo.

Shida kubwa ni makorongo. Mvua inanyesha huko juu ukutani, ninyi chini mna jua kali, mara maji haya hapa! Tulikwama ukingoni zaidi ya saa mbili. Kando yetu kulikuwa na bodaboda iliyompakia mama na mtoto mgonjwa, wanaelekea zahanati. Kijana mmoja wa Kimaasai aliingia na fimbo yake, akipima hatua kwa hatua. Maji yakamfika mapajani, akarudi.

"Kaka, subiri kwanza. Mchanga wa chini unakimbia," alimwambia dereva wetu.

Tulisubiri hadi yakashuka chini ya magoti, akatutangulia kuonyesha pa kukanyaga. Mama na mwanawe tukawavusha kwenye gari.

Kwa mgeni naipa nyota nne: nenda Juni hadi Oktoba, gari la juu, matairi mawili ya akiba, na maji ya kutosha. Flamingo wa Natron peke yao wanalipa safari. Kwa wanaoishi huko naipa mbili, na sitaongeza hadi lile korongo lijengewe kivuko cha zege. Lami inaweza kusubiri. Mtoto yule hakuweza.