Vyambo bandia vya besi kwa siku ambazo samaki hataki kula

Mwezi Julai nilinunua aina tatu za vyambo bandia katika duka moja la vifaa vya uvuvi hapa Arusha, nikijiandaa kwa safari ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako besi, yule samaki wa mdomo mpana mwenye asili ya Marekani, alipandikizwa mwaka 1929. Tathmini hii inahusu siku ngumu tu, yaani zile ambazo maji yamepoa ghafla, upepo umetulia, na samaki amejibanza kwenye mafunjo bila nia ya kukimbiza chochote. Siku njema hazihitaji ushauri, kwa kuwa besi mwenye njaa hula hata chambo kilichochaguliwa kwa kubahatisha.

Cha kwanza kilikuwa samaki wa plastiki ngumu mwenye kibao kidogo mdomoni, kinachomfanya azame na kutikisika anapovutwa. Ndicho kilichokuwa ghali kuliko vyote na ndicho kilichonivunja moyo, kwani kazi yake yote hutegemea mwendo, na mwendo ndio usiotakiwa siku hizo. Ukikivuta polepole mno kinaacha kutikisika, ukikiharakisha samaki anakitazama kikipita. Ndoana zake zenye makucha matatu zilinasa magugu maji kila mara, na zilianza kuota kutu kabla sijarudi Namanga. Muuzaji alinieleza kuwa kutu ni jambo la kawaida, jibu ambalo bado sijalikubali.

Pakiti ya pili, ya minyoo laini ya plastiki yenye urefu wa inchi 5, ndiyo iliyostahili fedha yangu. Mnyoo huu hauna mkia wa kupepea wala rangi za kumetameta, na mtu asiyeujua angeudhani kipande cha mshumaa. Hata hivyo, plastiki yake imechanganywa na chumvi inayouongezea uzito, hivyo huzama wenyewe bila kufungiwa kipande cha risasi. Kabla ya safari niliujaribu katika tangi la maji nyumbani Njiro: nilipoichomeka ndoana katikati ya mwili, ncha zote mbili zilitetemeka taratibu wakati wa kushuka, na nilipoichomeka kichwani na kuificha ncha yake ndani ya plastiki, mnyoo ulizama ukiwa umenyooka. Namna ya kwanza niliitumia penye maji ya wazi, na ya pili pembeni mwa mafunjo, kwa kuwa ndoana iliyofichwa hainasi majani. Siri ni kuutupa karibu na kificho, kuuacha ushuke kwa mshipi uliolegea, kisha kungoja kwa muda unaochosha kabla ya kuunyanyua kidogo. Mara nyingi samaki huuchukua wakati unashuka, bila mshtuko wowote mkononi. Dalili pekee ni mshipi kuanza kwenda pembeni, kwa hiyo anayetazama simu yake atamkosa. Mshipi mwembamba, unaohimili uzito wa ratili 8, ulinifaa kuliko ule mnene. Kuhusu rangi, kijani kibichi chenye vitone vyeusi kilifaa penye maji maangavu, na cheusi penye tope.

Aina ya tatu, kichwa cha risasi chenye sketi ya nyuzi za mpira kinachomwiga kamba mwekundu wa maji baridi, inafaa kuwemo kisandukuni, kwa sababu kamba huyo aliingizwa Naivasha mwaka 1970 na besi humla. Kiburuzwe sakafuni, kisirukeruke.

Kasoro ya mnyoo ni kwamba hupasuka pale ndoana inapopita, na kila mmoja wangu haukuvuka samaki wawili au watatu. Pete za mpira za kuuzuia usichanike huuzwa kando dukani hapo kwa bei isiyo na haya, nami nikakata zangu kutoka kwenye kipande chembamba cha mpira wa ndani wa baiskeli, zikafanya kazi ileile.