La Plagne wiki nzima: watu nane, kila mtu na kiwango chake

Tumerudi wiki mbili zilizopita toka La Plagne, milima ya kuskii (kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu za miguuni) kule Ufaransa, na bado mapaja yananikumbusha, ila kwa kweli nimefurahi kupita nilivyotarajia. Nataka niandike vizuri manake wakati tunapanga nilitafuta sana maelezo ya mtu aliyeenda na familia mchanganyiko kama yetu nikakosa, wengi wanaandika kama vile kila mtu kwenye kundi anajua kuskii, au kama vile hakuna hata mmoja anayejua.

Sisi tulikuwa hivi. Mimi sijawahi kuvaa skii maishani. Mume wangu alishajaribu siku tatu miaka ya nyuma. Watoto wetu wawili, binti wa miaka 13 na mdogo wake wa miaka 6, wote wapya. Shemeji yangu anaskii tangu yuko chuo, mkewe anatumia ubao wa theluji, na kijana wao wa miaka 17 huyo ndo mkali wao wote, anashuka njia nyeusi (zile ngumu kuliko zote) bila kusimama. Afu mama mkwe, miaka 68, yeye alisema kabisa siteremki mlima wowote ila naja, nataka kuiona theluji na kukaa na wajukuu.

Sasa kosa ambalo watu wengi wanafanya, na sisi tulikuwa tunaelekea hukohuko, ni kumwachia yule anayejua ndo achague. Shemeji alikuwa anaangalia urefu wa mlima na idadi ya njia nyeusi. Mi nikamwambia shemeji, we hata tukikupeleka wapi kwenye milima hii ya Alps utapata pa kushuka, mimi na mama tukiwekwa pabaya wiki nzima tutakaa ndani tunaangalia ukuta. Akakubali, tukaanza kupanga kwa kumwangalia mama mkwe kwanza, kisha wanaoanza, wakali mwisho. Hapo ndo La Plagne ikajitokeza.

La Plagne iko Ufaransa, eneo la Savoie, kwenye bonde la Tarentaise. Si mji mmoja, ni vijiji vingi vimetawanyika, vingine chini msituni na vingine juu kabisa. Sisi tulichukua apatimenti Plagne Centre, mita 1,970. Hapo juu theluji inakaa, na kilichotuvutia zaidi ni kwamba njia za kijani na za bluu (zile rahisi) ziko palepale katikati ya vijiji. Sehemu nyingine za Alps wanaoanza wanapelekwa uwanja mdogo kule chini, wenzao wanapanda gondola (kibanda kinachoning'inia kwenye kamba) wanapotea mpaka jioni, mnakutana kwenye chakula cha usiku tu kama wapangaji wa nyumba moja. Hapa mdogo wetu alikuwa anajifunza mbele ya baraza letu, bibi yake anamwona toka dirishani, na shemeji akishuka toka juu anapita palepale anampungia mkono.

Kwa asiyejua rangi: Ufaransa njia ya kijani ndo rahisi kabisa, kisha bluu, nyekundu, na nyeusi ndo ya wakali. Austria na Uswisi kwa kawaida zinaanzia bluu, kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "ni bluu tu" muulize kwanza ni nchi gani. Kitu kingine kizuri cha Ufaransa, nguzo za pembeni ya njia zina namba zinazopungua kadiri unavyoshuka, na zile zenye rangi ya chungwa juu ziko kulia kwako. Siku ya tatu lilishuka wingu zito hatuoni mbele na ni hizo nguzo ndo zilitufikisha chini, mume wangu anahesabu kwa sauti, tisa, nane, saba, mpaka tukaona taa za kijiji.

Mama mkwe sasa. Kuna gondola inaitwa Grande Rochette, inaanzia hapohapo Plagne Centre inapanda mpaka kama mita 2,500, na asiyeskii anapanda na kushuka nayo bila shida, analipia tiketi ya mtembea kwa miguu. Mama alipanda siku nne kati ya sita. Juu kule siku ya jua unauona Mont Blanc, zaidi ya mita 4,800, mweupe umekaa kimya. Mama alisimama muda mrefu hasemi kitu afu akaanza kusali. Tukafanya hapo ndo mahali pa kukutana saa saba mchana, wakali wanashuka toka upande wao, sisi wanaoanza tunapanda, mama anakuja na gondola, tunakaa pamoja. Ukiniuliza kitu kimoja kilichoifanya hii safari iwe ya familia ni hicho. Kabla hujalipa popote, tafuta kwenye ramani ya mlima: kuna mahali ambapo mtu wa miguu na mtu wa njia nyeusi wanaweza kukaa meza moja? Kama hakuna, tafuta mlima mwingine.

Siku moja mama na mume wangu walienda kuangalia ile njia ya barafu ya bobsled (kigari cha mashindano kinachoteleza kwenye barafu) iliyojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya baridi ya Albertville, 1992. Ina kona 19, na watu wa kawaida wanaruhusiwa kulipia wakateremka kwenye chombo kisichohitaji dereva, kinafika karibu kilomita 80 kwa saa. Mume wangu aliingia. Mama alibaki pembeni anamwombea.

Masomo. Mimi nasema hivi, msijifundishe wenyewe na msifundishwe na ndugu. Shemeji ni mtu mpole sana ila siku ya kwanza aliponiambia "wewe jiachie tu" nilijua hapa tutagombana. Mwalimu alinianzisha kwenye lile zulia linalotembea la kupandishia wanaoanza, nusu saa na skii moja mguuni, kisha mbili, kisha kufunga breki kwa kuzikutanisha ncha za mbele zikae kama kipande cha pizza. Siku ya pili mchana nilishuka kijani nzima. Siku ya tano bluu. Mtoto wa miaka 6 alinipita siku ya tatu, na alirudi na beji ya kile kiwango wanachoita Ourson, hakuivua mpaka usiku. Shule ya ESF, wale wa makoti mekundu, wana ngazi zao za watoto toka Piou Piou mpaka étoile d'or (nyota ya dhahabu), na kwa mtoto hilo jambo lina nguvu sana, anaamka mwenyewe asubuhi. Wekeni nafasi miezi kabla na muulize kabisa mwalimu anayeongea lugha mnayoielewa, manake mtoto akikosa kuelewa siku ya kwanza hataki tena.

Wakali walipata chao. La Plagne imeunganishwa na milima ya jirani ya Les Arcs tangu mwisho wa 2003 kwa gari la kamba la ghorofa mbili linaitwa Vanoise Express, linabeba watu 200 na linavuka bonde kwa dakika kama nne tu, chini yako ni mita 380 za hewa. Eneo lote linaitwa Paradiski, kilomita 425 za njia. Shemeji na mwanawe walivuka siku mbili, wakapanda kilele cha Aiguille Rouge mita 3,226 wakateremka mpaka kijiji cha Villaroger, karibu kilomita 7 kwa mteremko mmoja unaoshuka kimo cha zaidi ya mita 2,000. Walirudi hawaongei, wanacheka tu. Lakini pasi (tiketi ya kupandia mlima) ya Paradiski nzima ni ghali na sisi wapya hatukuihitaji, sisi tulichukua ya La Plagne peke yake, ambayo nayo kwa siku sita mtu mzima inapita yuro 300. Msinunue pasi moja ya aina moja kwa wote eti kwa usawa, ni kumwaga hela. Na wanaovuka waangalie saa, ukikosa gari la mwisho la kurudi barabara ya kuzunguka ni ndefu na teksi itakuumiza.

Mke wa shemeji na ubao wake analalamika kidogo, kuna sehemu kati ya vijiji ziko tambarare, mwenye skii anajisukuma na fimbo, yeye inabidi avue mguu mmoja atembee. Kama kundi lenu ni la ubao watupu fikirieni hilo.

Sasa niseme ya viatu, na hapa naomba mnisikilize. Duka tulilokodi (silitaji) lilikuwa limejaa ile Jumamosi jioni, kijana akaniuliza saizi, akanipa, akasema ni sawa. Siku mbili nilipata maumivu ya mfupa wa mbele wa mguu mpaka machozi, nikadhani skii ndo ilivyo. Siku ya tatu mwalimu akaniangalia akasema hivi viatu ni vikubwa, rudi. Kumbe kiatu sahihi ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo, ukikunja magoti vinarudi nyuma, na kisigino hakinyanyuki. Na soksi ni moja tu, nyembamba, ndefu. Mi nilikuwa nimevaa mbili nikidhani ni joto, kumbe zinajikunja na kuzuia damu na miguu inakuwa baridi zaidi. Nilibadilishiwa bila malipo ila hakuna aliyenirudishia zile siku mbili, na wala hawakuomba radhi. Pia mwambieni wa duka ukweli kuhusu uzito na kiwango chenu, manake kile kifungio cha kiatu kwenye skii kinapangwa kwa hivyo ili kiachie mguu ukianguka. Mtu anayepunguza kilo kwa aibu au kujiita mzoefu anahatarisha goti lake.

Helmeti: binti yangu alikuwa na rasta ndefu amezifunga juu, hakuna helmeti iliyoingia. Tukakaa usiku tunafumua. Msukeni misuko ya kulala, bapa kabisa, kabla ya safari. Mke wa shemeji anavaa hijabu, alitumia ile ya michezo nyembamba chini ya helmeti, ikakaa vizuri na hakuna aliyemuuliza. Na mafuta ya jua ni lazima, msidanganyike na weusi wa ngozi, theluji safi inarudisha mpaka asilimia 80 ya ile miale mikali usoni kwako. Mume wangu alidharau, midomo ikapasuka siku ya pili.

Chakula cha Savoie ni jibini, viazi, jibini tena. Tartiflette (viazi vya kuokwa na jibini) ni tamu ila kwa kawaida ina vipande vya nguruwe, na fondue (jibini la kuyeyushwa) ya kule inachanganywa na mvinyo mweupe, hivyo kwa Waislamu ulizeni mapema. Raclette ni salama zaidi, jibini linayeyushwa juu ya viazi, nyama za pembeni unaweza kuomba wasilete. Sisi usiku tulipika wenyewe, tulibeba vitu toka bondeni manake kule juu duka ni bei.

Usafiri: tulishukia Geneva, kisha gari kama saa mbili na nusu, ila Jumamosi ndo siku ya kila mtu kuhama na kuhamia, tulitumia karibu saa tano. Mkiweza kupanga nyumba ya Jumapili kwa Jumapili fanyeni. Mkikodi gari, toka Novemba mpaka mwisho wa Machi kwenye milima ya Ufaransa sheria inataka matairi ya baridi au minyororo. Pia epukeni Februari mpaka mwanzo wa Machi, likizo za shule Ufaransa zinapishana kwa kanda tatu na milima inajaa. Sisi tulienda katikati ya Machi, siku ndefu, jua, asubuhi theluji ngumu, mchana imekuwa kama uji, tukawa tunamaliza saa tisa. Viza ni ya Schengen na Uswisi imo, kwa hiyo kupitia Geneva si tatizo. Bima ya viza inatakiwa kufikia angalau yuro 30,000, ila soma vizuri kama inahusu skii, nyingi haziihusishi mpaka uongeze. Kubebwa na waokoaji kwenye njia za skii Ufaransa unalipia mwenyewe.

Majengo ya Plagne Centre siwezi kuyasifia, ni ya zege ya miaka ya 60, lakini ukitoka mlangoni uko kwenye theluji na skii zako, hilo kwa mwenye mtoto wa miaka 6 lina thamani kuliko kibanda kizuri cha mbao kilicho dakika ishirini kwa basi.

Shemeji keshaanza kuulizia mwakani, safari hii Januari kwa sababu bei zinashuka. Mama mkwe kasema atakuja, ila nyumba iwe karibu zaidi na Grande Rochette, na apewe ufunguo wake.