Jiko la gesi la kuchomea nyama mezani kwa mtindo wa Kijapani: je, linafaa fleti za Nairobi?

Wenye nyumba wengi jijini hawaruhusu makaa kwenye roshani, na kuyawasha sebuleni ni kujihatarisha, kwa sababu hewa ya kaboni monoksidi huua bila harufu wala onyo. Kwa mpangaji anayependa nyama ya kuchoma, jiko dogo linalotumia gesi ya kopo, linalotengwa katikati ya meza ili kila mlaji ajichomee mwenyewe, ni jibu zuri kiasi, mradi aelewe linaweza nini na haliwezi nini.

Sifa yake kubwa ni udhibiti wa moshi. Bamba la chuma lina mteremko na matundu, na chini yake hukaa sinia la maji, hivyo mafuta ya nyama hutiririka na kudondokea majini badala ya kuangukia moto. Moshi hupungua sana, ingawa haukomi, hasa nyama iliyorowekwa kwenye sosi yenye sukari inapoanza kuungua. Dirisha liachwe wazi muda wote, kwani gesi nayo inahitaji hewa safi.

Ulaji huu, ambao Wajapani huuita yakiniku, ulienea nchini mwao baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na Wakorea waishio huko walichangia sana kuueneza. Msingi wake ni nyama nyembamba inayoiva haraka, na hapo ndipo bucha zetu zinapotutia mashakani, kwa kuwa mkataji amezoea kupiga shoka nyama na mfupa pamoja. Omba kipande kizima cha sarara, kiweke kwenye friza mpaka kigande kidogo, kisha ukikate mwenyewe kwa kisu kikali, ukikingamiza nyuzi, unene usizidi milimita 4. Ng'ombe wetu wa malisho hawana mafuta mengi katikati ya nyama, kwa hiyo kipande kinene hukauka na kuwa kigumu. Kipakwe mafuta kidogo. Ulimi wa ng'ombe, ambao wengi huuchemsha tu, ndio ulionifurahisha kuliko vyote: huchomwa kwanza kwa chumvi na kuliwa kwa ndimu, bamba likiwa bado safi, ndipo nyama za sosi zifuate. Mbuzi na mifupa yake abaki Kenyatta Market, soko la Nairobi linalojulikana kwa nyama choma. Anataka makaa na subira, na harufu ile ya makaa gesi haiwezi kuileta.

Sosi hutengenezwa nyumbani kwa sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu, tangawizi, simsim iliyokaangwa na tufaha lililoparuzwa, na asiyetumia kileo hatapungukiwa na chochote akiacha divai ya mchele ambayo Wajapani huitia. Vitunguu, pilipili hoho, uyoga na biringanya huiva vizuri pembezoni penye moto mdogo. Boga lichemshwe kwanza. Kuku singempendekeza, maana lazima joto lifike nyuzi 74 katikati ya kipande, na wageni wenye njaa hawasubiri. Koleo la nyama mbichi lisitumike kulia nyama iliyoiva.

Lawama yangu ni kwamba duka lililoniuzia halikunipa maelezo yoyote ya usalama. Usifunike jiko kwa sufuria au bamba pana kuliko lile lililokuja nalo, kwa sababu joto hurudi kwenye kopo na kopo linaweza kulipuka. Usikubali pia kujaziwa kopo lililokwisha, hata kama fundi wa mtaani anaapa kuwa anajua kazi yake. Kopo la gramu 250 huisha haraka zaidi moto ukiwa mkubwa, basi uwe na la akiba.

Kwa watu wanne jiko linatosha bila kugombania nafasi. Wakizidi sita, waliokaa mbali watakula wali mtupu, na afadhali nyama ikaangwe jikoni kama kawaida.