Kumsikia msanii wangu laivu kwenye ukumbi mdogo: hela ya tiketi imelipa

Niseme mapema, jina la msanii sitaji, manake ninachokipima hapa ni shoo ya ukumbi mdogo yenyewe, msanii kwangu alishapasi tangu albamu yake ya kwanza na mtu akianza kubishana nami kuhusu nyimbo zake tutakesha. Ni wale wanaotunga wenyewe, wanaimba wenyewe na gitaa wanapiga wenyewe, na siku hiyo alikuja hivyohivyo: gitaa mbili, kiti kirefu, maiki mbili, basi. Hamna bendi, hamna wacheza shoo, hamna moshi wala skrini. Ukumbi unabeba watu mia na kidogo na hata aliyekaa mstari wa nyuma kabisa anaviona vidole vyake.

Na vidole ndo nianze navyo. Kwenye albamu mtu anaapa zinapigwa gitaa mbili, ukimwona karibu unagundua ni mkono mmoja unafanya kazi zote, kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene kinashika besi bila kupumzika, vile vingine vinacheza melodi huku juu, na mdomo unaimba kitu cha tatu kabisa ambacho hakifuati gumba wala hakifuati vile vidole vingine. Nilikaa namwangalia huo mkono mpaka nikasahau kupiga makofi. Halafu kati ya wimbo na wimbo anatuni upya, uzi huu anaulegeza, ule anaukaza, na wakati anatuni anaongea, anakwambia huu wimbo ulikaa bila ubeti wa pili muda mrefu mpaka alipobadilisha tyuni ndo maneno yakaja. Hapo nikamkumbuka Joni Mitchell, mwimbaji na mpiga gitaa wa Kanada, ambaye polio ya utotoni ilimdhoofisha mkono wa kushoto akaishia kutuni gitaa kwa namna zake mwenyewe kibao, na nyimbo zake zikatoka na rangi ambayo watu mpaka leo wanahangaika kuiiga. Haya mambo kwenye uwanja mkubwa huyaoni, pale kutuni kunafanywa na msaidizi nyuma ya pazia, msanii anabadilishiwa gitaa anaendelea, na wewe hiyo stori ya ubeti wa pili inakupita.

Mtu ataniambia mbona Tracy Chapman, mwimbaji wa Marekani, mwaka 1988 pale uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la kumuenzi Mandela kutimiza miaka 70, alirudi steji peke yake na gitaa lake kuziba nafasi ya Stevie Wonder ambaye kifaa chake cha mitambo kilikuwa kimepotea, na uwanja mzima ukanyamaza. Kweli kabisa, na mimi namheshimu sana kwa ile siku. Ila ile inatokea kwa wachache mno, na hata ikitokea fizikia haibadiliki. Sauti inasafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwahiyo ukikaa mita 100 kutoka kwenye steji mlio wa gitaa unakufikia umechelewa karibu sekunde 0.3, mkono ushashuka ndo unasikia, na ndo maana waandaaji wa viwanjani wanasimamisha spika nyingine katikati ya watu na kuzichelewesha makusudi ili zilingane na zile za mbele. Kwenye ukumbi mdogo uko mita nane, mlio unakufika kwa sekunde 0.02, unachokiona na unachokisikia ni kitu kimoja na mwili unakijua hata kama kichwa hakijui hesabu.

Sasa kilele cha usiku ule. Karibu na mwisho aliinuka, akachomoa waya wa gitaa, akaiacha maiki palepale akaja mpaka ukingo wa steji akaimba kavu. Jamani. Sauti ilishuka ghafla, ikawa ndogo, na watu wote kwa pamoja wakajikuta wanasogea mbele kwenye viti bila mtu kuambiwa. Unasikia anavyovuta pumzi kabla ya mstari mrefu, unasikia ngozi ya kidole ikiteleza juu ya uzi, unasikia sehemu ambayo sauti inataka kukatika na anaiacha ikatike kidogo maana neno lenyewe ni la maumivu. Kwenye rekodi hiyo sehemu imesafishwa! Nimeupenda ule wimbo miaka yote na nilikuwa sijausikia ule ufa, na sasa hivi hata nikiisikiliza rekodi akili yangu inauweka yenyewe. Kwenye kiitikio tukaimba naye, chini chini, hamna aliyetaka kumfunika, yaani mia nzima tunaimba kama tunambembeleza mtoto asiamke.

Sifa nyingine impate fundi mitambo. Gitaa la mbao lenye tumbo wazi ni mtihani kwenye spika, ukipandisha sauti sana linaanza kuvuma lenyewe na maiki inapiga mluzi, wengi wanajibu kwa kukata besi mpaka gitaa linabaki na mlio mkavu wa juujuu tu. Huyu yeye alichofanya ni kuacha sauti ya ukumbi mzima iwe ya chini, akatuamini tutanyamaza, na gitaa likabaki na tumbo lake. Ukienda shoo kama hizi angalia fundi amekaa wapi, kaa karibu naye ukiweza, katikati, mistari kadhaa kutoka mbele, kwasababu anachanganya sauti kwa masikio yake pale alipo na wewe utasikia anachosikia. Mstari wa kwanza ni mzuri kwa kuona, ila spika zinakupita pembeni na maneno yanapotea.

Kilichonikera ni kaunta ya vinywaji nyuma. Glasi zinagongana, kuna mashine inanguruma kila baada ya muda, na kundi moja lilikaa kule likipiga stori za kazini katikati ya wimbo laini kuliko yote. Hapa menejimenti ya ukumbi ndo ilaumiwe, hamna aliyewafata kuwaambia. Wenzao Bluebird Cafe ya Nashville, Marekani, iliyofunguliwa 1982 na ina viti kama 90 tu, wamejijengea jina kwa kitu hikihiki, watunzi wanakaa katikati wameelekeana wanapokezana nyimbo, na ukiongea unanyamazishwa, hawana aibu na hilo. Na ile Tiny Desk, shoo ndogo za mezani za redio ya NPR ya Marekani, ilizaliwa 2008 kwasababu kelele za baa huko Austin zilimmeza mwimbaji Laura Gibson watu wakashindwa kumsikia, ikabidi aje aimbie mezani ofisini kwa Bob Boilen, mtangazaji wa NPR. Kwahiyo tatizo linajulikana na dawa inajulikana: funga kaunta wakati mtu anaimba, fungua mapumzikoni, hamna atakayekufa na kiu.

Simu pia. Msanii aliomba kwa upole mwanzoni, wengi wakasikia, wachache wakaendelea kurekodi na ule mwanga kwenye chumba chenye giza unakuchoma macho wewe uliyekaa nyuma yao. Rekodi wimbo mmoja ukumbuke, halafu iweke mfukoni.

Kwa wanaofikiria kwenda kumsikia msanii wao hivi, usisubiri awe mkubwa zaidi, kumbi hizi anazipiga akiwa anapanda au akiwa anajaribu nyimbo mpya, na alituimbia mbili ambazo hazijarekodiwa, moja akaisimamisha katikati akasema mwisho wake bado hajaupata. Tiketi zinaisha haraka sana, fuatilia kurasa za msanii mwenyewe kuliko matangazo ya ukumbi. Fika mapema maana viti havina namba, uliza kama kuna nguzo inayoziba steji kabla hujakaa, na mkipewa nafasi ya kuomba wimbo msimpigie kelele aimbe ule ambao kila mtu anaujua, huo ataimba tu, muombeni ule wa mwisho wa albamu ambao haupigwi redioni.